Kompyuta Iliyooshwa Kama Nguo ya Marehemu

Siku mashine ilipofunguliwa tulikuwa watu watano, ukiacha mtoto mchanga. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa binti yangu, msichana aliyekuwa amemaliza sekondari na anangoja kuitwa chuo. Alikuwepo wifi wa binti yangu, yaani dada ya mume wake, ambaye ndiye aliyekuwa amepewa ile kompyuta. Alikuwepo fundi, mama kijana wa Kapsokwony aliyesoma kompyuta pamoja na binti yangu hapa Kitale, na huyo mtoto mchanga alikuwa wake, amemlaza kifuani. Wa mwisho ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu wa Bungoma. Huyo alikuwepo lakini hakuingia ndani. Kwao mkwe haketi chumba kimoja na mama ya mke wake, hata kama mke mwenyewe ameshakufa, kwa hivyo alisimama nje chini ya dirisha, na kila alichosema kilitufikia kupitia nondo.

Binti yangu hakuwepo. Alikuwa ameshazikwa.

Majina ya hawa wote ninayo. Ninayo na ya wazazi wao, na ya wale watoto waliokufa wakiwa bado wanabebwa. Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, na labda ndiyo sababu kichwa changu kilibaki na nafasi ya kuweka majina ya watu. Hapa siyaandiki kwa sababu walio hai hawajaniruhusu, na waliokufa siwezi kuwauliza. Lakini mjue hakuna jina hata moja lililonitoka. Zilizonitoka ni nyuso.

Uso wa mume wangu ndio nilioenda kuutafuta ndani ya ile mashine.

Mume wangu alikufa zamani, kabla ya simu za mkononi kufika kwetu. Tulikuwa na shamba upande wa Endebess, mahindi na ng'ombe wa maziwa, watu wetu wakiwa wametoka upande wa Nyeri na kununua huko wakati wazee walikuwa bado na nguvu. Hakuwa mtu wa picha. Alisema picha ni ya chifu na ya maharusi. Alipigwa chache, na katika hizo moja tu ndiyo ilimtoa sawasawa: amesimama mbele ya nyumba yetu siku tuliyomaliza kuezeka mabati, amevaa kofia yake ya Jumapili, mkono kiunoni, kama mtu anayengoja kuambiwa kitu kuhusu hayo mabati. Picha hiyo ilikaa kwenye albamu ndani ya sanduku chini ya kitanda changu. Sikuwa naitoa mara kwa mara. Mtu akijua kitu kiko, hahangaiki nacho.

Binti yangu aliolewa Bungoma akafungua ofisi ya kutaipu karibu na soko. Watu walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harambee, na zaidi ya yote zile karatasi za mazishi zenye picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Siku moja alikuja kunitembelea, akatoa sanduku, akapekua albamu, akacheka.

"Mama, hizi picha zinaliwa na mende wako."

"Mende wangu wamekukosea nini?"

"Wameshamaliza sikio la shangazi. Wakimaliza hilo lingine atasikia na nini?"

Akaenda na albamu Bungoma, akaziskani picha zote, yaani akaziingiza kwenye kompyuta yake, moja baada ya nyingine, akanirudishia albamu vile vile ilivyokuwa. Mimi nikairudisha chini ya kitanda. Nilidhani ni mchezo wa watu wa mashine.

Kisha ukaja mwaka ule nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi. Yetu ilichomwa pia. Nitasema hivyo tu. Nilitoka na gunia la mbegu, kwa sababu kupanda kulikuwa karibu, na kichwa cha mkulima hukimbilia hapo. Kila kilichokuwa chini ya kitanda kiliishia chini ya kitanda. Tulilala kwenye kanisa hapa Kitale, tukitandika leso juu ya simiti, na binti yangu alifika mara tu njia zilipofunguka. Aliniletea blanketi na sufuria. Mimi sikuwa nalia nyumba. Nilikuwa nalia ile picha, na niliona haya kuwaambia wenzangu, maana kuna waliopoteza watu.

Binti yangu akachuchumaa mbele yangu. "Mama, usilie picha. Baba yuko kwangu. Ndani ya kompyuta."

Wakati mambo yalipotulia nilienda Bungoma, akanionyesha. Hiyo ndiyo siku ya pekee niliyofundishwa kitu kuhusu kompyuta na nikakishika, kwa hivyo nitakieleza nilivyokishika. Ilikuwa mashine moja, lakini ndani ilikuwa na pande mbili. Alibonyeza kitufe, skrini ikawa nyeusi, halafu ikatokea mistari michache ya maandishi meupe, ikangoja.

"Hapa inauliza iende wapi," aliniambia. "Huu mstari wa juu ni Windows. Ni wa wateja. Wakija na flashi zao zenye virusi, virusi vinaishia hapo. Huu wa pili ni Linux. Ni wangu. Virusi vya wateja havijui njia ya kuja huku."

"Basi huko juu ni sebule, na hapa chini ni chumba cha kulala."

"Ndiyo, mama. Na mgeni haingii chumbani."

Akashuka mstari wa pili, akafungua. Nikamwona mume wangu amesimama mbele ya mabati yake, mkono kiunoni. Nilimtazama mpaka binti yangu akachoka kusimama, akavuta kiti.

"Nitakutolea kwenye karatasi nzuri," alisema. "Hii niliyonayo ni ya kawaida, itamfanya mweusi kuliko alivyokuwa."

"Alikuwa mweusi."

"Si hivyo, mama."

Tukaiacha mpaka apate karatasi nzuri. Karatasi hiyo ilikuwa inauzwa mbali na kila mtu aliyesema ataileta alirudi bila. Halafu binti yangu akaanza kuumwa, na mtu akiumwa hivyo, ni nani anamkumbusha karatasi? Aliugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani, na wifi yake huyu niliyemtaja ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho. Hilo nataka likae hapa mbele kabla sijasema mengine. Mimi mwenyewe nilifika nikakuta ameshamsuka nywele vizuri, binti yangu akiwa hata hana nguvu ya kuinua kichwa.

Tukamzika Bungoma, kwa mume wake, kama inavyotakiwa.

Sasa wale watu wana desturi yao, na ni desturi nzuri, sisi hatuna inayofanana nayo. Baada ya maziko wanakaa chini pamoja, wazee mbele, na vitu vya marehemu vinagawanywa mchana, kila mtu akiona. Jembe linaitwa, linakwenda kwa fulani. Sufuria zinaitwa. Blanketi. Hakuna mtu wa kunong'ona baadaye kwamba fulani aliiba. Mimi nilikaa kwa wanawake wageni, pembeni, nikiwa mama ya mke, na kikao kile hakikuwa changu cha kusemea. Kompyuta ilipoitwa, mzee mmoja aliuliza nani atachukua hiki chombo. Wakasema apewe aliyemuuguza. Kila mtu akakubali, nami moyoni nikakubali. Nilijua nyumba ya huyo wifi haiko mbali na ya mjukuu wangu. Nilijua picha iko kwenye mstari wa pili. Nikasema moyoni, msichana atakwenda pale siku yoyote na karatasi nzuri.

Lakini desturi ina sehemu yake ya pili. Kitu cha marehemu hakitumiki kikiwa bado na jasho lake. Kinaoshwa kwanza. Magauni yalipelekwa mtoni yakafuliwa, blanketi zikaanikwa juu ya ua, sufuria zikasuguliwa kwa jivu mpaka zikawaka. Wifi wa binti yangu alipomaliza vyote akabaki anaitazama kompyuta. Alikuwa mtu wa kufanya kitu mpaka mwisho. Akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akaona haitoshi. Akaibeba mjini Bungoma kwa fundi mmoja ambaye hakuwa anatujua, akamwambia aioshe.

Maneno aliyomwambia yule fundi tuliyasikia siku ile Kitale, kutoka kwa mdomo wake mwenyewe. Nitayafikia.

Mjukuu wangu alikwenda na karatasi nzuri. Aliipata kwa mwalimu wake. Alifika kwa shangazi yake akakaribishwa chai, akabonyeza kitufe, na skrini haikuuliza kitu. Haikuonyesha mistari. Ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kile kilima cha kijani chenye mawingu, cha Windows, safi, kama nyumba ambayo watu hawajahamia. Akanipigia simu, akiniita Cucu, yaani nyanya, kwa lugha yetu. Nilikuwa kwenye chumba nilichokodi hapa Kitale, nachambua maharagwe.

"Cucu, ule mstari wa pili haupo."

"Shuka chini."

"Hakuna pa kushuka, Cucu. Haiulizi."

Niliweka maharagwe chini, nikamwambia asibonyeze kitu kingine.

Ndipo tukaamua iletwe Kitale kwa yule rafiki wa binti yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyemwekea hiyo Linux tangu mwanzo. Alifanyia kazi katika chumba nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilikuwa kali mpaka mtu ukitoka hapo hata chai inanuka josho. Mkwe wangu na dada yake walitoka Bungoma na ile mashine wakiwa wameifunga kwa blanketi, ile ile iliyokuwa ya binti yangu. Mkwe wangu aliifikisha mlangoni, akaikabidhi kwa dada yake, akazunguka dirishani.

"Mama, habari ya siku nyingi," alisema kutoka huko nje.

"Nzuri tu, baba. Huko jua halikuchomi?"

"Niko sawa. Nimesimamia kivuli cha tangi."

Fundi aliunganisha nyaya kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Akawasha. Kilima cha kijani kikatokea. Akazima. Akamgeukia wifi wa binti yangu, kwa upole, maana alimwona anavyokunja leso.

"Sasa, mama, kule Bungoma ulimwambia fundi afanye nini?"

"Nilimwambia aioshe."

"Kuosha namna gani?"

"Si kuosha tu. Nilimwambia, kijana, hii ni ya marehemu. Ioshe vizuri, asibaki mahali. Akaniuliza, mama, niondoe kila kitu? Nikasema ondoa chake chote, na ukimaliza uniwekee nyimbo za kanisa." Alitutazama mmoja mmoja. "Ningejua aje? Gauni nikifua, ua la kitambaa linabaki. Nilijua jasho litatoka na picha zitabaki."

Mjukuu wangu alitazama ukuta wenye kalenda ya dawa ya minyoo.

Fundi akasema tusikate tamaa bado. Alieleza, na mimi nilimwelewa, kwamba ndani ya mashine kuna programu ndogo ya mwanzo kabisa, wao wanaiita GRUB, inayoamka kabla ya nyingine zote. Kazi yake ni kukaa getini na kuuliza mtu anakwenda nyumba gani.

"Ni kama soja," alisema. "Windows ikiwekwa upya inamfukuza soja aliyekuwepo, inaweka wake. Na huyo wake anajua nyumba moja tu, ya tajiri wake. Ukimuuliza Linux iko wapi anakwambia hajawahi kuiona."

"Kwa hivyo nyumba iko?" mjukuu wangu aliuliza.

"Inaweza kuwa iko. Ni soja tu hajui. Tunamrudisha wa zamani."

Mimi hapo nilipumua. Nataka kukumbuka nilivyopumua, kwa sababu sijapumua hivyo tena.

Aliingiza sidii. Alisema hiyo sidii inawasha Linux kutoka nje, bila kugusa cha ndani, kama mtu anayeingilia dirishani ili afungue mlango. Ilinguruma, ikachukua wakati wake. Mtoto akaanza kulia, akapewa ziwa, akanyamaza. Fundi alitaipu kwa mkono mmoja, pole pole, akisoma kila mstari kwa sauti ya chini. Kisha akatoa sidii, akazima, akawasha.

Skrini ikawa nyeusi. Likatokea neno GRUB, na chini yake neno la kosa, na namba kumi na saba. Ikasimama hapo.

"Kumi na saba ni nini?" niliuliza.

"Soja amerudi, lakini akigonga mlango haufunguki. Nimemwelekeza mlango usio wake." Akarudisha sidii, akatafuta. "Huyu mwenzangu wa Bungoma aligawa vyumba upya. Kilichokuwa cha tatu sasa kinahesabiwa cha nne. Ngoja nimwambie."

"Mwambie basi," mkwe wangu alisema dirishani, "kabla kivuli hakijanihama."

"Kikikuhama, baba, zunguka na tangi," fundi alimjibu, na tukacheka, hata wifi. Kwa hivyo nasema wazi kwamba tulicheka katika chumba kile.

Akabadilisha namba, akatoa sidii, akazima, akawasha. Ile mistari ikarudi. Myeupe juu ya skrini nyeusi, vile vile alivyonionyesha binti yangu, wa juu wa wateja, wa pili wake. Mjukuu wangu alinishika bega. Fundi akaniuliza kama nataka kubonyeza mwenyewe. Nikabonyeza kile kitufe chenye mshale wa kushuka, mara moja, halafu kile kikubwa cha kuingia. Maandishi yakakimbia kwa kasi kama mahindi yanayomwagwa kutoka gunia. Skrini ikageuka rangi ya udongo, rangi aliyoipenda binti yangu, na saa yake ikatokea pembeni. Alikuwa ameiweka dakika chache mbele ili asichelewe kufungua ofisi, na bado ilikuwa mbele.

"Ameonekana?" mkwe wangu aliuliza.

"Bado. Tumeingia," mjukuu wangu akamwambia.

Fundi alifungua mahali pa kuwekea vitu. Palikuwa patupu. Akafunga, akafungua pengine. Patupu. Alimhamisha mtoto kutoka ziwa moja hadi lingine, na nikamwona anafanya hivyo ili asitutazame.

"Ongea tu," nilimwambia. "Mimi nimezika."

Akaeleza. Alipoiweka Linux hapo mwanzo aliigawa vyumba viwili, kidogo cha mashine yenyewe na kikubwa cha vitu vya binti yangu. Yule wa Bungoma alipokuwa anaosha alikiacha kile kidogo, hakikuwa na faida kwake. Kikubwa ndicho alichokisafisha na kukigeuza kuwa cha Windows, akajaza nyimbo.

"Nyimbo zangu?" wifi wa binti yangu aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Zile ninazosikiliza asubuhi?"

"Zimelala juu ya picha. Sehemu zingine. Si zote. Kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo, kinabaki pale mpaka kingine kilale juu yake."

Yule mama akatoka nje. Nilisikia mkwe wangu akimwambia kwa lugha yao maneno machache. Nyimbo zile alikuwa anazicheza kila asubuhi akifagia, na alizidi kuongeza nyingine, alitueleza baadaye, kwa kuwa kila akizisikia alimkumbuka marehemu. Alikuwa anamwomboleza binti yangu, na kila wimbo ulikuwa unashuka na kulala juu ya uso wa mume wangu. Nani angemlaumu nani?

Fundi alituambia tumwachie mashine. Iko programu ya kuokota mabaki, alisema, inapita mashine nzima, upande wa wateja na upande wa binti yangu, kama mtu anayeokota mahindi shambani baada ya kuvuna. Lakini inachookota hakina jina. Majina ya picha yamepotea, zitakuja na namba tu.

"Majina si shida," mjukuu wangu akasema. "Cucu anayo."

Tulirudi alipotuita, wale wale, kila mmoja mahali pake, mkwe wangu dirishani. Kulikuwa na mawingu siku hiyo. Wifi wa binti yangu alikaa karibu na mlango, hakuvua hata sweta.

Picha za kwanza zilikuwa za wateja. Nyuso ndogo ndogo za pasipoti, watu wa Bungoma walioomba kazi, na nyuso za marehemu wa watu wengine, wale wa karatasi za mazishi. Zilikuwa nzima, nyingi. Mtu baada ya mtu alinitazama ambaye sikumjua, na nikawa najiambia, kama hawa wamepona, naye amepona. Kisha zikaanza kuja zetu. Mama mkwe wangu, mzima. Shangazi mwenye sikio moja, mzima, kama mende walivyomwacha. Jirani wetu wa Endebess akikamua ng'ombe, na nikataja jina la jirani na jina la ng'ombe. Mjukuu wangu alikuwa anaandika jina kwenye kila picha, na fundi akasema, "Mama, wewe ungekuwa kompyuta hatungekuwa na kazi." Nilikuwa karibu kufurahi.

Halafu ikaja ile yenyewe. Niliijua kabla haijamaliza kufunguka, kwa sababu ya anga. Siku ile kulikuwa na mawingu matatu juu ya mlima. Chini ya mawingu mabati yakatokea, mapya, yanang'aa. Chini ya mabati ikatokea kofia, yote, na ukingo wake. Kutoka hapo kushuka ilikuwa rangi moja ya kijivu, imenyooka kama simiti iliyopigwa mwiko.

"Shuka chini," nilimwambia fundi.

"Mama, hakuna chini."

"Shuka kidogo tu. Yuko chini ya kofia."

Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya skrini, pale kijivu kilipoanzia. "Hapa ndipo ilipoishia. Nimejaribu kwa njia zote ninazozijua. Hii sehemu ya chini imeshalaliwa na kitu kingine."

Skrini ilikuwa na joto.

"Mzee ameonekana?" mkwe wangu aliuliza nje. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, halafu akaelewa.

Picha nyingine za mume wangu hazikupatikana hata kipande. Fundi alirudia kuokota mara nyingi, na kila mara alileta wateja wale wale. Hakukubali kulipwa. Wifi wa binti yangu alipiga magoti mbele yangu akaniomba niichukue mashine, iwe yangu. Nilimwinua. Nilimwambia iligawanywa mchana mbele ya wazee na haiwezi kurudi nyuma, na kwamba aende akasikilize nyimbo zake. Hakuzisikiliza tena. Mjukuu wangu aliniambia alifunika mashine kwa ile blanketi na ikakaa hivyo, na mistari yake miwili imerudi, na soja yuko getini, na hakuna mtu wa kuulizwa anakwenda wapi.

Ile karatasi nzuri mjukuu wangu aliitumia. Ninayo ukutani mwangu hapa Kitale, mawingu, mabati, kofia na kijivu. Wageni wanaiangalia na kuniuliza kama hiyo ndiyo nyumba yangu iliyochomwa. Nawaambia ndiyo. Wanasema ilikuwa nyumba nzuri. Siwaambii kuna mtu.

Asubuhi nikiamka najaribu kumjaza. Ninaanzia kwenye kofia kwa kuwa hiyo ninayo. Chini ya kofia naweka paji lenye mikunjo, lakini nikishaweka mikunjo naona ni ya kaka yake. Naweka macho, yanakuja ya binti yangu. Jino lililovunjika nalikumbuka, alilivunja kwa kufungua kifuniko cha chupa ya dawa ya ng'ombe, na nimewaambia watu miaka yote lilikuwa la kushoto. Juzi nimeamka nikiwa na hakika lilikuwa la kulia. Kovu aliloachiwa na pembe ya ng'ombe nalo, lilikuwa juu ya nyusi au chini yake?

Kuna watu bado wako hai waliomjua. Wengine walirudi Endebess, wengine walikwenda Suam, wengine sijui. Mkisoma hapa na mkaona jambo nimelikosea, la mazishi au la mashine, nisahihisheni, sitakasirika. Lakini mniambie kwanza lile jino, upande gani.